Nyumba za Muhumba zinabomolewa kabla ya kuandikwa

MUHUMBA, BUKAVU – Nyumba ya zamani ya Muhumba haifi kwa siku moja. Inaanza na vigae vya juu. Mtu anatoa vigae kumi upande wa nyuma, ule usioonekana kutoka barabarani, na kusema ataweka manjanja. Manjanja hayaji. Mvua ya Bukavu, ambayo haina haraka lakini haichoki, inaingia miezi na miezi. Dari inavimba, mbao zinaoza, maji yanateremka ndani ya ukuta. Kisha madirisha ya chuma yanauzwa. Mlango wa mbao nzito unaondoka juu ya bega la mtu, asubuhi kabisa. Mwaka wa pili anafika mtu mwenye karatasi, anatazama ufa mmoja, anaandika kwamba nyumba ni hatari kwa watu. Ijumaa jioni, ofisi zikiisha kufungwa, nyundo zinaanza. Jumatatu watoto wakienda masomoni wanapita kando ya rundo la matofali, na lori ya mchanga imekwisha kuegeshwa.

Methali ya ufa na ukuta kila mtoto anaijua. Muhumba kuna watu wanaoitumia kinyume: ufa unaachwa makusudi, hata unasaidiwa kidogo, ili ukuta uanguke wenyewe na asiwepo wa kulaumiwa.

Wapita njia wanaona lori na kusema mji unaendelea. Ni kweli Bukavu inahitaji nyumba. Watu wamekimbilia hapa kutoka vijijini vita baada ya vita, na vilima vya Kadutu na Panzi vimefunikwa na nyumba za mbao zinazoshikana kama meno. Lakini kinachosimama Muhumba baada ya miezi kadhaa hakiwapokei watu hao. Ni etaje yenye vioo vya bluu, ya kukodishwa kwa dolari, na ukuta wake umefika hadi kwenye mtaro wa maji. Anayesema nyumba za zamani zibomolewe ili maskini wapate pa kulala, aonyeshe kwanza maskini mmoja anayelala humo.

Mji huu ulianza kama kituo cha askari mwaka 1901. Mwaka 1927 Wabelgiji wakaupa jina Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans aliyekuwa makamu wa gavana mkuu, na jina Bukavu likarudi miaka ya 1950. Katikati ya tarehe hizo ndipo rasi zilipojengwa. Nyumba nyingi zinazozungumziwa hapa ni za miaka ya 1930 hadi 1950, wakati mtindo wa Art Déco ulikuwa umeshika dunia. Hata asiyejua jina hilo anazitambua. Kona ya nyumba imezungushwa kama sehemu ya mbele ya meli. Dirisha moja ni la duara. Mistari miwili au mitatu inazunguka ukuta chini ya paa, na baraza linatazama ziwa. Nyingine zina bomba la moshi, maana Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mzungu wa kahawa na kwinini alitaka moto sebuleni usiku.

Nyumba hizo zimepita mengi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, ukapigwa mabomu na kuporwa. Oktoba 1996 vita vya AFDL vikafika. Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi. Februari 2025 M23. Katikati yake, Jumapili tarehe 3 Februari 2008, ardhi yenyewe ilitetemeka na kupasua kuta kila upande wa Ruzizi. Nyumba ikiishi kupita hayo yote, kisha ikaangushwa kwa siku mbili na vijana sita wenye nyundo, ni lazima kuuliza nani aliwatuma na kwa ruhusa gani.

Kuna hoja moja ambayo hutokea kila jambo hili likitajwa, na inastahili jibu la heshima. Hizi ni nyumba za mkoloni, wanasema wengi. Mjukuu wa boi azililie kwa sababu gani?

Hoja hiyo ina uzito. Costermansville ulikuwa mji wa mipaka. Mzungu alikaa kwenye rasi, penye upepo wa ziwa. Mwafrika alikaa Kadutu, baadaye na Bagira, na akionekana upande wa Wazungu usiku aliulizwa karatasi. Boi alikuwa na chumba chake nyuma ya nyumba kubwa, kidogo, kimelipa ziwa mgongo. Katika parseli nyingi chumba hicho bado kipo, na siku hizi anakaa humo mlinzi na familia yake yote. Mwalimu wa historia akiwaleta wanafunzi wake Muhumba, akawasimamisha kwanza barazani na kisha mbele ya chumba kile, hahitaji kuwaeleza maneno mengi kuhusu ukoloni. Nyundo ikipita, vyote viwili vinaondoka pamoja, na kinachobaki ni kitabu kilichochapwa Bulaya.

Tena, nani alijenga? Mzungu alichora, akasimamia kivulini. Waliochoma matofali, waliobeba mawe ya msingi kichwani, waliokunja ile kona ya duara kwa mwiko na kamba bila mashine, walikuwa watu wa hapa. Majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote. Ukuta ndio sahihi yao pekee.

Kwa hiyo kazi hii isiishie kwenye rasi. Bagira kuna nyumba zilizojengwa na Office des Cités Africaines, ofisi ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1952 kujengea Waafrika mitaa mipya: nyumba ndogo, za safu, zilizopangwa kwa rula. Familia za Bukavu zimezaliwa na kuzikwa kutoka nyumba hizo. Mtu akitaka kulinda majumba ya Muhumba na kuisahau Bagira, atakuwa amemfanyia mkoloni kazi ya pili.

Sheria ipo, na si ya jana. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Inaruhusu nyumba kuwekwa kwenye daraja la vitu vinavyolindwa, na ikisha kuwekwa, mwenyewe hawezi kuibomoa wala kuigeuza bila ruhusa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 46, inasema Serikali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kongo imo katika mkataba wa UNESCO wa urithi wa dunia tangu 1974, na ina maeneo matano kwenye orodha ya dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote matano ni misitu na wanyama. Hakuna hata nyumba moja. Gorila wa Kahuzi, jirani wa Bukavu, wana karatasi yao tangu 1980. Mkaaji wa Muhumba akitaka kujua ni nyumba gani kwenye avenue yake haziruhusiwi kuguswa, hana ukuta wa ofisi ambapo atasoma.

Kwa nini orodha ya nyumba kwa nyumba haibandikwi? Wengi watajibu kwamba hakuna pesa. Jibu hilo ni rahisi mno. Kuandika nyumba hakuhitaji pesa za Kinshasa. Kunahitaji daftari.

Ugumu uko kwenye swali la pili, ambalo orodha yoyote italivuta nyuma yake kama kamba inavyovuta mbuzi: nyumba hii ni ya nani? Wazungu waliondoka kwa mafungu, wengine mwaka 1960, wengine baada ya 1967. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza hatua za zairianisation, na mali za wageni zikagawiwa. Nyumba nyingi zikawa za Serikali, zile ambazo watu huita nyumba za Leta, na ndani yake wakakaa wakubwa wa ofisi, majaji, makamanda. Mkubwa akihamishwa, nyumba ilibaki na shemeji. Shemeji akaandika karatasi. Karatasi ikauzwa. Nyumba ya Serikali haiwezi kuuzwa bila kwanza kutolewa rasmi mikononi mwa Serikali, lakini ni nani ataiuliza karatasi hiyo umri wake? Parseli moja kuwa na vyeti viwili si habari tena Bukavu. Redio hazitangazi jambo hilo mpaka liwe na vyeti vitatu.

Ndiyo maana orodha ya nyumba za kihistoria za Muhumba inaogopwa. Ukiandika mwaka wa kujengwa na aliyekaa mwanzo, umekaribia sana kuandika ni lini na kwa njia gani ilitoka kwa Leta. Kubomoa kunafuta yote mawili. Mwenye etaje mpya akiulizwa ataonyesha parseli yenye simenti mbichi, na kumbukumbu ya jirani haina muhuri.

Lakini wanaokaa ndani ya nyumba hizi hawafanani, na kuwaweka wote kwenye gunia moja ni kosa. Kuna mjane wa mfanyakazi wa Serikali ambaye mume wake alipewa nyumba kwa kazi, akatumika miaka thelathini, mshahara ukikatika zaidi ya kulipwa. Anafagia baraza kila asubuhi. Amepanda mboga pale palipokuwa na maua. Paa linavuja juu ya kitanda chake na hana bei ya vigae. Huyo ndiye aliyeilinda nyumba mpaka leo, bila sheria ya 1971 kumfikia. Kodi ya nyumba na ardhi inaingia kwenye sanduku la jimbo. Jimbo linaweza kumsamehe kodi hiyo kwa masharti kwamba asibomoe na asitoe kona ya duara. Haligharimu mengi, kwani kutoka kwake hakuna anayepata mengi.

Wenye nia njema nao wanaharibu, na jambo hili linasemwa kidogo mno. Mtu anairithi nyumba, anapata pesa kidogo kutoka kwa mtoto aliye Bulaya, anaita fundi. Fundi anaona ukuta wa matofali ya zamani unaolia unyevu, na dawa yake ni moja: simenti, nzito, kutoka chini hadi juu. Ukuta uliojengwa kwa chokaa unapumua. Maji yanayoingia yanatoka tena jua likiwaka. Ukiufunga kwa simenti, maji yanabaki ndani, yanatafuna tofali taratibu, na baada ya misimu michache simenti inabanduka pamoja na uso wa tofali. Vivyo hivyo na manjanja badala ya vigae. Paa la vigae lilichorwa kwa uzito wake na mteremko wake. Ukiweka manjanja bila kubadilisha mbao na bila kuongeza ukingo, upepo wa ziwa unayainua na mvua inapiga ukuta moja kwa moja. Wazee wachache wa mwiko bado wanajua kuchanganya chokaa na kukunja kona. Hawapewi kazi hiyo kwa sababu haina haraka, na wakifa, hata pesa zikija siku moja hazitakuwa na mikono.

Kuna pia bustani, ambazo mwenye kuuza huziita nafasi tupu. Rasi ya Muhumba ni mteremko. Waliopanga parseli hizi waliacha miti, ngazi za mawe na mitaro ya kupeleka maji ziwani polepole. Parseli ikikatwa vipande vitatu na kufunikwa simenti yote, mvua haipotei. Inaenda kwa jirani wa chini. Bukavu inajua mmomonyoko: kila msimu wa mvua kuna familia inayolala na kuamka nyumba ikiwa bondeni. Hadi sasa huzuni hizo zimekuwa zaidi za Kadutu na vilima vingine vilivyojaa. Muhumba ilikuwa imepona kwa sababu ya miti na mitaro yake, na ndiyo inayokatwa.

Majengo gani ya zamani yamesimama vizuri Bukavu? Yale yanayotumiwa. Collège Alfajiri, iliyoanzishwa na Majezuiti mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, inasimama kwa sababu kila asubuhi kuna wanafunzi, na penye wanafunzi dirisha likivunjika mtu anaulizwa. Kanisa kuu linasimama kwa sababu Jumapili linajaa. Hata mashirika ya kigeni, ambayo watu wanayasema vibaya kwa kupandisha kodi za nyumba, yaliokoa majumba kadhaa ya rasi bila kukusudia: yalikodi, yakaweka mlinzi, yakapaka rangi, yakaziba paa ili kompyuta zisilowe. Mradi ukiisha na gari nyeupe zikiondoka, nyumba inabaki tupu, na ndipo vigae vya nyuma vinaanza kutolewa. Kwa hiyo anayetaka kulinda nyumba asifikirie makumbusho na kamba nyekundu mlangoni. Afikirie zahanati, maktaba, ofisi ya mawakili, shule ya ushonaji, familia.

Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulijengwa na Waitalia katika miaka ile ile ya kona za duara. Watu wake nao walifukuzwa katika mitaa ya Wazungu, nao walipigana vita virefu. Hawakubomoa. Waliziandika nyumba zao moja moja, na mwaka 2017 mji ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero, cha mwaka 1938, chenye mabawa mawili ya zege kama ndege, leo kinajulikana duniani kuliko bwana aliyekiagiza. Huko Zanzibar Mji Mkongwe uko kwenye orodha hiyo tangu 2000, na una mamlaka yake ya kuulinda tangu 1985. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati linatengenezwa, na wafanyakazi wawili wakafa. Orodha peke yake haishiki paa. Lakini Zanzibar walipopata msiba walijua wamepoteza nini, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa, kimepimwa na kupigwa picha. Muhumba jumba likianguka, mwaka mmoja baadaye majirani wawili wanabishana kama lilikuwa na baraza au la.

Yanayoweza kufanyika hapa ni madogo, na hayasubiri vita viishe wala nani ameshika mji. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo wote ni wa Serikali. Mwananchi ana haki ya kuutumia kwa karatasi. Maana yake, kila parseli inapobadilisha mkono au kukatwa vipande, na kila ruhusa ya kujenga inapoombwa, faili inapita ofisini. Basi faili hiyo iongezwe mstari mmoja: je, kuna nyumba iliyojengwa kabla ya 1960? Kama jibu ni ndiyo, picha nne ziambatishwe, na ombi libandikwe siku thelathini nje ya ofisi ya kartie, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa peke yake, kabla ya nyundo kuguswa. Mwenye haki hatapoteza kitu kwa kungoja siku thelathini. Asiye na haki ndiye atakayepiga kelele, na hiyo nayo itakuwa habari.

Na daftari lisingoje faili. Mji una Chuo Kikuu Rasmi, una cha Kikatoliki, una shule za ufundi kama Fundi Maendeleo. Wanafunzi kumi, wawili wawili, wakitembea Muhumba na Nguba kwa likizo moja, wakiwa na simu yenye kamera, wanaweza kurudi na nyumba zote za rasi: avenue, namba, picha ya mbele na ya nyuma, hali ya paa, na anachokumbuka mzee wa jirani kuhusu waliokaa humo. Jina la mwenye nyumba waliache wazi kwanza, ili milango ifunguliwe. Likizo itakayofuata waende Bagira. Nakala moja ikae komine ya Ibanda, moja chuoni, moja parokiani, moja kwenye redio, kwa sababu Bukavu karatasi ya pekee ina tabia ya kuungua.

Waanze na zile ambazo vigae vya nyuma vimekwisha kutolewa.